STIMA KATIKA MAGARI YA KULALA
(Maneno ya mwanachama wa kazi ya njia, mbele ya mkutano wa tawi)



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya stima ndani ya magari ya kulala, yaani zile nyumba za bati zenye magurudumu ya mpira ambazo huvutwa mpaka mahali pa kazi, nasi tukalala humo wiki nyingi. Mimi si mwalimu, lakini jambo hili nimeliona kwa macho yangu.

Asubuhi moja baada ya mvua, mwenzetu alishuka miguu mitupu kwenda kunawa. Aliporudi akashika mkono wa mlango, akanaswa. Bahati njema mtu mmoja alikimbia kung'oa plagi kule tulikovuta stima, badala ya kumshika yeye. Mwenzetu alipona, ila mkono wake ulikuwa na ganzi siku nyingi.

Tulipofungua tuliona mambo matatu. Waya wa moto ulipita katika tundu la bati pasipo mpira, na mtikisiko wa safari ukaila ngozi yake. Waya wa ardhi ulikuwa umekatika. Na mahali pa fyuzi palitiwa kipande cha waya wa shaba.

Sikilizeni maana yake. Gari limesimama juu ya mpira, na mpira haupitishi stima. Stima ikiingia katika bati haina njia ya kushuka ardhini. Mtu mwenye miguu yenye maji akishika mlango, yeye ndiye njia. Lakini waya wa ardhi ukiwa mzima na umefungwa sawasawa katika bati, stima hupita humo kwa nguvu nyingi, na fyuzi hukatika.

Wengi hufikiri fyuzi yamlinda mtu. Sivyo. Fyuzi yalinda waya usiungue. Fyuzi ya ampia 13 haikatiki kwa ampia moja, na mtu aweza kufa kwa sehemu ndogo tu ya ampia moja. Kwa hiyo iko swichi nyingine, ambayo hupima stima inayokwenda na inayorudi. Zikitofautiana kwa miliampia 30, basi kuna inayovuja, labda katika mwili wa mtu, nayo hujikata yenyewe kabla sekunde haijafika nusu. Ina kifungo cha kujaribia. Kibonyezeni kila mfikapo kambi mpya. Isipojikata, stima isitumiwe. Lakini ukishika nyaya zote mbili kwa pamoja, swichi hiyo haitakuokoa.

Sasa hesabu. Stima yetu Kenya ni volti 240. Waya wa ampia 16 wachukua wati 3,840. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 ni 3,200, vyaenea. Ongeza jiko la wati 1,500, imekuwa 4,700, na swichi yaweza kujikata. Hapo ndipo watu hutafuta msumari. Ndugu zangu, kujikata ndiyo kazi yake. Zimeni jiko. Tena waya mrefu wa kuvutia stima ukunjueni wote, hata kama mwendo ni mfupi, maana ukibaki umeviringwa hupata joto hata ukayeyuka.

Fundi naye atumie waya wa nyuzi nyingi, si ule wa uzi mmoja mgumu, ambao huvunjika kwa kutikiswa. Na swichi kubwa ikate waya wa moto na wa kurudi pamoja, kwa sababu hatujui kama aliyefunga soketi ya mahali pale hakuzigeuza.

Mwisho, baada ya ajali ile tuliambiwa turudi ndani tulale. Tulikataa, tukalala chini ya turubai usiku mbili mpaka fundi akaja. Hatukuwa wakaidi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi aonapo hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na asirudishwe mahali pale mpaka hatari iondolewe.

Kwa hiyo naomba tawi likubali jambo moja leo: gari la kulala lisiondoke mpaka likaguliwe na fundi wa stima mwenye leseni, na karatasi yake ibandikwe mlangoni, ili kila mtu aisome kabla ya kuushika mlango huo.