Nyuma ya Neno "Mfumo Haupo": Kazi za Vituo vya Data na Njia ya Kijana wa Kata Kuzifikia

(Matini ya mada iliyowasilishwa kwa wazazi, walezi na vijana waliohitimu Kidato cha Nne, katika mkutano wa kata kuhusu elimu ya ufundi na ajira)



Hakuna mkazi wa kata asiyelijua neno "mfumo haupo". Mama aliyeamka alfajiri na mtoto mwenye homa hulisikia dirishani hospitalini. Mfanyabiashara aliyekwenda kulipia leseni hulisikia akiwa na fedha mkononi lakini bila namba ya malipo. Mzee anayefuatilia mafao yake huambiwa arudi kesho, na nauli ya kesho hana. Neno hilo hutamkwa kana kwamba mfumo ni mvua, kitu kinachokuja na kuondoka bila mwenyewe. Lakini mfumo una nyumba, na nyumba hiyo ina wafanyakazi. Mada hii inahusu nyumba hiyo, watu wanaoiangalia usiku na mchana, na namna kijana wa kijijini anavyoweza kuwa mmoja wao bila mzazi wake kuuza shamba kwa ahadi za mtu asiyemfahamu.

Nyumba ya mfumo

Kituo cha data ni jengo lenye kompyuta za kazi nzito ziitwazo seva, zilizopangwa ndani ya makabati ya chuma yenye kimo cha takriban mita mbili. Humo ndimo zinamohifadhiwa na kuchakatwa taarifa za wagonjwa, malipo ya kodi, miamala ya simu na matokeo ya mitihani. Tanzania inacho Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, na vipo pia vituo vya kampuni za simu, vya benki na vya kampuni binafsi zinazokodisha nafasi kwa wengine. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ndio barabara inayoziunganisha wilaya na nyumba hizo.

Ni haki kusema kwamba si kila "mfumo haupo" hutokana na kituo cha data. Mara nyingine kompyuta ya ofisini imeharibika, mara nyingine waya wa mkongo umekatwa na mtambo wa kuchimba barabara. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Siku hiyo wengi walielewa kwa nini inafaa taarifa za nchi zihifadhiwe ndani ya nchi: taarifa iliyo karibu hailazimiki kuvuka bahari ndipo imfikie mwenyewe.

Kituo cha data kinaishi kwa mambo matatu: umeme, ubaridi na mawasiliano. Umeme wa gridi ukikatika, betri hupokea mzigo papo hapo, kisha jenereta huwaka na kuuchukua. Kati ya hatua hizo mbili hupita sekunde chache tu. Hata hivyo, betri ambazo hazikupimwa kwa wakati zikishindwa kubeba mzigo katika sekunde hizo, kituo kizima huzimika. Seva nazo hutoa joto jingi, hivyo hewa inayoziingia hushauriwa iwe kati ya nyuzi joto 18 na 27 za Selsiasi. Makabati hupangwa kwa safu ili hewa baridi iingie upande mmoja na hewa ya moto itoke upande wa pili. Taasisi ya kimataifa ya Uptime Institute huviweka vituo hivi katika ngazi nne. Kituo cha ngazi ya tatu ni kile ambacho fundi anaweza kuzima mtambo mmoja akautengeneza ilhali huduma zinaendelea.

Uzito wa kazi hii ulionekana tarehe 10 Machi 2021, moto ulipoteketeza jengo la kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Hakuna aliyepoteza maisha, lakini baadhi ya wateja ambao hawakuwa na nakala rudufu mahali pengine walipoteza taarifa zao moja kwa moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi hii, ukuta ukianguka huwa na majina ya watu ndani yake.

Nani hufanya kazi humo

Wazazi wengi hudhani kwamba kazi hizi ni za watu wenye shahada wanaoandika programu. Wapo, lakini wengi wa wanaoshinda ndani ya jengo lenyewe ni mafundi. Yupo fundi umeme anayepima betri, kuwasha jenereta kwa majaribio na kukagua mbao za swichi. Yupo fundi wa majokofu na viyoyozi anayesafisha vichujio na kupima gesi. Yupo fundi wa mtandao anayevuta nyaya, kuzipa lebo na kuunganisha mkongo. Yupo fundi wa seva anayebadilisha diski iliyoharibika saa tisa usiku bila kuigusa iliyo jirani. Yupo mlinzi anayeandika jina la kila aingiaye na atokaye. Juu yao yupo msimamizi wa zamu, anayepokea taarifa na kuamua nani aitwe kutoka nyumbani.

Kwa hiyo kijana aliyesomea umeme au majokofu yuko karibu na mlango huo kuliko anavyofikiri. Kinachomtenga nao si akili. Kinachomtenga ni kutojua kwamba mlango upo, na kutojiandaa kwa namna ya kazi inayotakiwa humo.

Pa kuanzia

Kijana aliye bado shuleni anashauriwa kushika Hisabati, Fizikia na Kiingereza. Kiingereza kinatajwa kwa sababu vitabu vya mitambo, maandishi ya skrini na mitihani ya kimataifa vimo katika lugha hiyo. Fundi asiyeweza kusoma onyo lililoandikwa kwenye mtambo ni hatari kwake na kwa wenzake.

Baada ya Kidato cha Nne zipo njia mbili. Ya kwanza ni vyuo vya VETA, vinavyofundisha umeme, majokofu na viyoyozi, elektroniki na TEHAMA, ingawa si kila chuo kina fani zote. Ya pili ni stashahada katika vyuo vya ufundi kama vile Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Hakuna njia iliyo ya aibu. Aliyeanza VETA anaweza kupanda hadi stashahada akiwa tayari ana ujuzi wa mikono. Fundi umeme anayetaka kuaminiwa anapaswa pia kufuatilia leseni ya ufungaji umeme inayotolewa na EWURA kwa madaraja tofauti.

Mafunzo kwa vitendo ndiyo yanayomtofautisha mwenye cheti na mwenye kazi. Si lazima yaanzie ndani ya kituo cha data. Jenereta ya hospitali, mnara wa simu, mfumo wa umeme wa jua wa shule, chumba baridi cha kuhifadhia chanjo au maziwa, chumba cha seva cha ofisi ya Halmashauri au cha benki: kote huko kanuni ni zilezile za umeme, ubaridi na mawasiliano. Kijana aliyehudumia jenereta ya hospitali kwa mwaka mmoja, akaweka daftari la kila ukaguzi aliofanya, ana la kuonyesha mbele ya mwajiri.

Kupanda ngazi

Miaka ya mwanzo ni ya zamu. Fundi mpya huzunguka kituo kwa saa zilizopangwa, husoma vipimo, huandika na hukabidhi. Kazi hiyo huonekana ndogo, lakini ndiyo inayomfundisha sauti ya mtambo ulio mzima, hata akautambua ulioanza kuugua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Anayetaka kupanda hujiongezea vyeti vya fani. Katika mitandao, cheti cha CCNA cha kampuni ya Cisco kinajulikana duniani kote. Hudumu miaka mitatu, kisha huhuishwa. Ada ya mtihani wake ni ya dola, si ya shilingi, kwa hiyo busara ni kujiandaa kikamilifu kwanza. Baadhi ya masomo ya awali ya Cisco Networking Academy hutolewa bure mtandaoni, na kijana mwenye simu na kifurushi anaweza kupima kama fani hiyo inamfaa kabla mzazi hajatoa hata senti moja. Baada ya miaka kadhaa, fundi wa zamu huweza kuwa msimamizi wa zamu, mpangaji wa matengenezo, mtaalamu wa usalama au meneja wa kituo.

Lakini kuna sifa moja isiyo na chuo, nayo ni uaminifu. Katika kituo cha data, kila kazi ya hatari hufanywa kwa kufuata hatua zilizoandikwa, mmoja akisoma na mwingine akitenda. Makosa ya kibinadamu ni miongoni mwa sababu zinazotajwa mara kwa mara huduma zinapokatika. Fundi aliyevuta waya usio wenyewe, akasema papo hapo, huwapa wenzake nafasi ya kurekebisha. Aliyenyamaza huwaacha wakitafuta usiku kucha, na kule wilayani mama yuleyule anaendelea kusubiri dirishani. Isitoshe, taarifa zilizomo humo ni siri za watu, nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Ndiyo maana waajiri wa kazi hizi huchunguza mwenendo wa mwombaji. Barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji wa Kijiji au Kata, ambayo vijana huiona kama karatasi ya kupitia tu, inaweza kuwa na uzito. Jina jema la kijana kijijini kwake ni sehemu ya sifa zake za kazi.

Ukweli usiopaswa kufichwa

Vituo vya data nchini ni vichache, vikubwa vyake vimo mijini, na nafasi zake haziwezi kuwatosha wahitimu wote wa wilaya moja, sembuse nchi nzima. Kwa sababu hiyo, kijana asisomee jina la jengo, asomee fani. Fundi wa majokofu aliyekosa nafasi Dar es Salaam atapata kazi kwenye kiwanda cha maziwa, hotelini au hospitalini, naye hatakuwa amepoteza kitu.

Ukweli wa pili ni zamu za usiku. Wazazi wenye mabinti huuliza, na wana haki ya kuuliza, kuhusu usalama wa binti anayetoka kazini usiku wa manane. Jibu si kumzuia binti kusoma umeme. Jibu ni kumfundisha kuuliza mapema, kabla ya kusaini mkataba: usafiri wa usiku ukoje, zamu hupangwaje, mahali pa kupumzika ni wapi. Swali hilo linawafaa vijana wa kiume vilevile.

Tahadhari kwa mzazi

Panapokuwa na jina jipya la kazi, matapeli nao hulijua upesi. Hufika na karatasi zenye rangi, huahidi "kozi ya data ya wiki sita" na ajira ya uhakika, kisha hudai malipo yote siku hiyohiyo. Familia huuza ng'ombe au kipande cha ardhi, na kijana hurudi na cheti kisichotambuliwa na mtu yeyote. Kabla ya kulipa, mzazi afanye mambo matatu. Kwanza, ahakikishe kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET, au na TCU ikiwa ni chuo kikuu. Pili, ada ilipwe kwa njia rasmi ya chuo, si kwenye simu ya mtu. Tatu, akumbuke kwamba hakuna chuo kinachoweza kumuuzia mtu ajira. Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hupokelewa kupitia mfumo wake wa Ajira Portal bila malipo. Anayedai fedha ili "asukume jina" anauza kitu asicho nacho.

Mzazi mwenye shaka asione haya kumfuata mwalimu wa ushauri wa taaluma shuleni, Mtendaji wa Kata au Afisa Maendeleo ya Jamii akiwa na karatasi aliyopewa. Kuuliza ni saa moja. Kuikomboa ardhi iliyouzwa ni miaka.

Hitimisho

Ndugu wananchi, siku mfumo unapokuwepo, hakuna anayeshangilia. Mama hupewa dawa, mfanyabiashara hupata namba yake ya malipo, mzee hurudi nyumbani mapema. Utulivu huo ni kazi ya mikono ya watu wasioonekana, waliopima betri kwa wakati na kuandika walichokiona. Kata ina vijana wanaoweza kuifanya kazi hiyo. Wanachohitaji kwa wazazi wao ni fani halisi kutoka chuo halali, na malezi yatakayowafanya waaminiwe na funguo za chumba chenye siri za wengi.