Barabara ni za Nani?



Jioni hii tumekuja kusema habari ya barabara za Nairobi. Hatuna ugomvi na mtu mwenye motokaa. Ugomvi wetu ni na mkono unaogawa fedha.

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, watu wa Mukuru hutoka kwa makundi kwenda viwandani kwa miguu. Hawatembei kwa kutafuta afya. Mvua ikinyesha nauli ya matatu hupanda, na mshahara haupandi. Katika mji huu safari kama nne katika kila kumi ni za miguu, na nyingine nyingi ni za matatu. Wenye motokaa zao ni wachache. Basi na tutazame fedha zilikwenda wapi.

Mwaka 2012 ilifunguliwa barabara kuu ya Thika, pana kama mto. Wangapi wetu wamekufa wakiivuka? Mwaka 2022 ikafunguliwa ile ya juu, kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Mwenye gari hulipa akapita. Mwenye baiskeli, hata akiwa na fedha mkononi, haruhusiwi. Wala bodaboda, wala aendaye kwa miguu. Tunaambiwa tusinung'unike, maana iliyojenga ni fedha ya kampuni. Je, ardhi iliyosimamishwa zile nguzo ni ya nani? Si ya kampuni. Ni yetu, na katikati ya barabara ile mabasi yangaliweza kupewa njia yao.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi yenyewe iliandika sera, ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa waendao kwa miguu na wapanda baiskeli. Hatukuwalazimisha, waliandika kwa kalamu yao. Kweli, katikati ya mji njia nzuri za miguu zilitengenezwa, na tulishukuru. Lakini mtu wa Mukuru halali Kenyatta Avenue. Yeye hukanyaga matope kandoni mwa lami, lori likimpiga honi aondoke.

Kila mwaka makadirio ya fedha hupelekwa mbele ya bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na Katiba ya 2010 inatupa haki ya kusema juu yake. Safari hii tusitume mjumbe. Twendeni wenyewe, kwa miguu kama tulivyozoea, tukaulize: ile asilimia 20 iko wapi?