Kuchemsha kwa Kujirudia kwa Malori ya Zamani: Chanzo na Utambuzi Wake



Nimeelekezwa nianze na maana ya mfumo wa kupoza injini. Wota pampu inasukuma maji, rejeta na feni vinayapoza, themostati inaamua yapite wapi, kifuniko kinashikilia presha. Hayo mnayajua, tuendelee.

Tatizo ni lori linalochemsha, linatengenezwa, linachemsha tena. Chukueni lori la miaka ishirini na zaidi likipanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa na mzigo kamili: mwendo mdogo, upepo wa mbele haba, injini inatumia nguvu zake zote. Kadi yake ya matengenezo inasomeka hivi: rejeta imezibuliwa, rejeta imechomelewa, rejeta mpya, gasketi ya silinda hedi, gasketi tena. Muulize fundi themostati iko wapi. "Tuliing'oa mzee, huku kwetu joto."

Sina nia ya kunyooshea kidole karakana yoyote, lakini jibu hilo limeua injini nyingi. Katika injini nyingi za malori themostati ina kazi mbili. Maji yakiwa baridi, inafunga njia ya rejeta na kuacha wazi njia fupi ya kurudi kwenye pampu. Yakifika nyuzi 80 na kitu, inaanza kufungua njia ya rejeta huku ikiifunga ile fupi. Ukiing'oa, njia fupi inabaki wazi daima: sehemu ya maji inazunguka injini bila kufika kwenye rejeta, na mlimani joto linapanda. Kwenye baridi, injini hiyohiyo inachelewa kupata moto, inakula dizeli na kulika silinda. Nimeliandika hili katika taarifa mwaka hadi mwaka. Zimepokelewa na kugongwa muhuri.

Kifuniko nacho kinadharauliwa. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha huchemka karibu na nyuzi 95. Kifuniko chenye springi iliyochoka kinamnyima dereva akiba yote ambayo presha ingempa kabla maji hayajachemka. Kipande cha nailoni kilichofungwa kwa mpira si kifuniko, hata kwenye gari la ofisi.

Kabla ya kushika spana, dereva aulizwe: linachemsha wapi? Kama ni tambarare kwa mwendo mkali, tazama rejeta iliyoziba, au mpira wa chini unaofyonzwa ukajibana. Kama ni foleni, tazama feni na mkanda. Mapovu mfululizo kwenye rejeta injini ikiwa bado baridi ni dalili ya gesi inayopenya kwenye gasketi au hedi iliyopasuka.

Napendekeza, kwa ridhaa ya mamlaka husika: themostati zirudishwe kwenye magari yote. Kila moja ichemshwe kwenye sufuria pamoja na kipimajoto kabla ya kufungwa. Vifuniko vipimwe presha. Maji ya chumvi yaachwe, itumike kulanti. Ofisi ya ununuzi isiidhinishe rejeta mpya kabla themostati haijakaguliwa. Gasketi isibadilishwe kabla hedi haijapimwa kama imepinda. Themostati ising'olewe. Dereva asiamuru ing'olewe. Fundi atakayeing'oa aandike jina lake na sahihi kwenye kadi ya gari.