Kabla Maji Hayajapungua: Maandalizi ya Kuishi Botini kwenye Mto Kongo

Kati ya Kisangani na Kinshasa kuna njia ya maji yenye urefu wa kilomita 1,734, nayo ndiyo barabara kuu ya mkoa wa Tshopo kwa kila mtu asiyemudu tiketi ya ndege katika uwanja wa Bangboka mjini Kisangani; kwa ndege safari hiyohiyo huchukua saa mbili hivi. Kwa mto, safari huchukua majuma kadhaa, na pengine hupita mwezi. Kwa hiyo anayepanda boti hapandi chombo cha usafiri tu, bali anahamia nyumba, ambamo atapika, atalala, atauguza watoto na kufanya biashara mpaka afike. Na nyumba hiyo, kama nyumba nyingine yoyote, inapaswa kuandaliwa kabla majira hayajabadilika.

Watu wanaoishi katika boti kwenye mifereji ya London au Amsterdam hujiandaa kwa baridi: hutafuta kuni na makaa, huziba nyufa zinazopitisha upepo na kuyakinga mabomba yasigande. Kisangani, iliyo karibu kabisa na ikweta, haina baridi ya namna hiyo. Majira magumu ya huko ni ya maji madogo, yaani vipindi ambavyo mto hushuka, hasa takriban Julai na Agosti, na tena, kwa kiasi kidogo zaidi, Februari na Machi. Kwa kuwa Mto Kongo hukatiza ikweta mara mbili na kupokea mvua za pande zote mbili, haukauki kamwe; hata hivyo hupungua kiasi cha kuyaacha karibu na uso wa maji mafungu ya mchanga ambayo hayakai mahali pamoja, hivi kwamba njia iliyopitika mwezi uliopita yaweza kuwa imefungwa leo.

Zamani meli za shirika la serikali la Onatra, ambalo leo huitwa SCTP, zilisukuma matishari yaliyojaa abiria kati ya miji hiyo miwili. Huduma hiyo ilipodhoofika, mzigo ulibebwa na boti ndefu za mbao ziitwazo baleniere, ambazo hutiwa injini na kuezekwa turubai, na ambazo usalama wake hutegemea sana mikono ya fundi. Kazi ya kwanza ni kukalafati, yaani kushindilia nyuzi na vitambaa katika maungio ya mbao ili maji yasipenye. Mabaharia wa pwani ya Waswahili wameijua kazi hiyo kwa karne nyingi, kwani nao walipandisha majahazi ufukweni wakati wa kusi kali, wakayapaka sifa, ambayo ni mafuta ya samaki, na deheni, ambayo ni mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Baleniere iliyokaa majini mwaka mzima bila kupandishwa ukingoni na kukaguliwa haifai kubeba watu, hata kama injini yake ni mpya.

Kazi ya pili ni kuwaandaa wapima maji, yaani vijana wanaosimama omoni wakiwa na pondo ndefu, wakizichomeka mtoni na kumtangazia nahodha kina wanachokipata. Kuweka maboya na kupima njia ni jukumu la Régie des Voies Fluviales, shirika la serikali la njia za mito. Lakini pale boya linapokosekana, ni pondo hiyo inayookoa chombo. Maarifa haya, ambayo Walokele wa Isangi na Yangambi wamerithishana kwa vizazi, ni elimu kamili, nayo inastahili kuheshimiwa na kulipwa vizuri.

Hata hivyo boti hukwama mchangani, na kukwama kwaweza kudumu siku nyingi. Kwa hiyo chikwange (mkate wa muhogo), mchele, samaki wa kukaushwa na mawese vinunuliwe kwa kipimo kinachozidi siku za safari, kwani mitumbwi ya wachuuzi inayoisogelea boti ikiwa mwendoni haionekani kila mahali. Maji ya mto yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa, kwa sababu kipindupindu husafiri pamoja na abiria, na vyandarua vifungwe chini ya turubai kabla jua halijatua.

Hatari nyingine kubwa ni moto wa jikoni. Mbabula, yaani jiko dogo la makaa, huwashwa juu ya sakafu ya mbao, katikati ya magunia, magodoro na madumu ya mafuta. Mnamo Aprili 2025 boti ya HB Kongolo, iliyokuwa imeondoka bandari ya Matankumu kuelekea Bolomba, iliteketea karibu na Mbandaka. Maofisa walieleza kwamba moto ulianza wakati abiria mmoja akipika, na watu wengi walipoteza maisha, wakiwamo waliojitupa majini bila kujua kuogelea. Si haki kumlaumu mama anayewapikia wanawe njaa inapowabana, ilhali mwenye chombo hakumtengea mahali pa kupikia. Jiko la pamoja upande wa nyuma, lililozungushiwa bati na kuwekewa mchanga na ndoo za maji, halimgharimu mwenye boti fedha nyingi.

Wakaguzi wa bandari za Kisangani wasiruhusu chombo kung'oa nanga kabla hakijaonyesha jiko hilo, majaketi ya kuokolea yanayotosha idadi ya abiria, na orodha ya majina yao wote, watoto wakiwamo. Abiria naye, kabla ya kulipa nauli, aulize atapikia wapi na jaketi lake liko wapi; akikosa jibu, asipande.