Watu kwa Kilomita ya Mraba: Namna ya Kusoma na Kulinganisha Msongamano wa Watu



Orodha ya nchi na maeneo ya dunia kwa msongamano wa watu tumezoea kuisoma kama msimamo wa ligi. Juu kabisa ziko Macau na Monaco, zenye watu wapatao 20,000 kwa kilomita moja ya mraba. Chini kabisa iko Greenland, ambako watu wasiofika 60,000 wana eneo la kilomita za mraba zaidi ya milioni mbili, sehemu kubwa ikiwa barafu tupu. Sisi tunajitafuta katikati. Nimeomba kuwasilisha mada hii kwa sababu wastani wa namna hiyo unaingia katika mipango ya halmashauri zetu bila kuhojiwa, na mipango inapoukubali jinsi ulivyo, huduma zinapelekwa pasipo na watu na wenye shida wanabaki wakisubiri.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: idadi ya watu, gawanya kwa eneo. Idadi ya watu huwa tunaijadili kwa kina kila sensa inapotoka. Eneo hatuliulizi kitu, na hapo ndipo tunapopotea.

Tuitazame Misri. Ina watu zaidi ya milioni 100 katika kilomita za mraba takriban milioni moja, yaani wastani wa watu mia moja na ushei. Bangladesh, kwa sensa yake ya 2022, ina watu wapatao milioni 165 na wastani unaozidi 1,100. Kwa mujibu wa orodha, basi, Bangladesh imebanana mara kumi kuliko Misri. Lakini Wamisri hawaishi jangwani. Takriban asilimia 95 yao wako kwenye bonde na delta ya mto Nile, eneo lisilozidi sana asilimia 5 ya nchi nzima. Gawanya upya kwa eneo hilo, utapata watu wapatao 2,000 kwa kilomita ya mraba, karibu mara mbili ya Bangladesh. Mkulima wa delta anayewagawia wanawe shamba anabanwa na namba hii ya pili. Ile ya kwanza imepatikana kwa kuhesabu mchanga ambao hawezi kuulima.

Jambo hilohilo liko kwetu Tanzania. Mkoa wa Lindi, kwa Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, ulikuwa na watu 1,194,028 katika kilomita za mraba zipatazo 66,000. Wastani wake ni watu 18. Ndani ya eneo hilo, hasa wilayani Liwale, kuna ardhi kubwa ya hifadhi ambayo mwananchi haruhusiwi kujenga wala kulima. Kwa hiyo anayesema Lindi ardhi ipo tele, kwa kuangalia hiyo 18 peke yake, anawagawia watu ardhi ambayo sheria imekwisha kuwanyima.

Zanzibar inatupa funzo la pili. Sensa hiyo ilihesabu watu 1,889,773, na wastani uliotolewa ni watu 768 kwa kilomita ya mraba. Sasa utenge Mkoa wa Mjini Magharibi: watu 893,169 katika kilomita za mraba 230, yaani karibu 3,900 kwa kila moja. Mikoa minne iliyobaki, ukiijumlisha, inabaki na wastani wa watu kama 450. Karibu nusu ya Wazanzibari wanaishi katika msongamano mara tano ya ule unaotajwa, na waliobaki, kwa jumla yao, wako chini yake sana. Ukipanga madarasa, vyoo au magari ya taka kwa kufuata 768, umekosea pande zote mbili.

Kuna hatari nyingine, ya kudhani kwamba msongamano wenyewe ndio shida. Katika sensa ya Kenya ya 2019, Mathare jijini Nairobi ilikuwa na watu 68,940 kwa kilomita ya mraba. Maana yake kila mtu ana mita za mraba zisizofika 15, na humo mna nyumba, kichochoro, duka, barabara na mto. Monaco kila mtu ana kama mita 50, nayo ni finyu mno kwa nchi nzima, ila maji yanatoka bombani na majitaka yana njia yake. Singapore ina watu wapatao 8,000 kwa kilomita ya mraba, na wengi wao wako kwenye magorofa yaliyojengwa na serikali. Mkazi wa Mathare anayelipia kila ndoo ya maji hateswi na wingi wa majirani. Anateswa na bomba ambalo halikuletwa, na ni vibaya kumlaumu kwa kuwa wengi.

Napendekeza wasifu wa kila wilaya uwe na safu mbili zaidi pembeni ya wastani wa kawaida: watu kwa kilomita ya mraba baada ya kuondoa maji na hifadhi, na wastani wa kila kata peke yake. Idadi ya watu kwa kata imekwisha kutolewa katika sensa ya 2022. Mipaka na maeneo ya hifadhi yatafutwe kwa maofisa ardhi na maliasili wa wilaya, na tuanze na zile wilaya ambazo hifadhi imechukua sehemu kubwa ya ramani.