Dawa za Kifafa, Faida Yake na Maudhi Yake: Mazungumzo kwa Darasa la Jioni



Jioni hii hatuzungumzi habari ya ufuta wala michango. Tunazungumza habari ya vidonge vya kifafa, na itabidi tuanze na kosa letu sisi viongozi.

Wakati wa palizi iliyopita, kijana mmoja mwanachama alikuwa akichelewa shambani, na akifika anasinzia juu ya jembe. Tulimwita mbele ya watu, tukamwambia huo ni uvivu, tukamwandika mara 3 katika daftari la watoro. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza, "Ndugu, una nini?" Kumbe alikuwa na wiki chache tu tangu aanzishiwe fenobabitoni, tena alikuwa akiimeza asubuhi. Kwa kuona aibu akaiacha. Siku za kwanza alichangamka kweli, hata tukamsifu. Siku ya 6 akaangukia mafigani. Mkono wake mnauona. Sisi hatukumnyang'anya kidonge, lakini ndio tuliomwachisha dawa.

Basi tuelezane. Ubongo wa mtu hufanya kazi kwa kupelekeana habari kwa namna ya umeme mdogo mdogo. Kwa mwenye kifafa, mara nyingine umeme huo hulipuka kwa pamoja, naye huanguka na kutikisika. Dawa hutuliza ule mlipuko. Haing'oi ugonjwa kama dawa ya minyoo inavyotoa minyoo, inauzuia tu, na inauzuia siku ile uliyoimeza. Ndiyo maana inamezwa kila siku, hata mwezi ambao mtu hakuanguka kabisa. Na kwa kuwa inatuliza ubongo, usingizi nao unakuja. Faida na maudhi vinatoka mlango mmoja.

Fenobabitoni ni dawa ya zamani, ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912 huko Ujerumani. Huku kwetu Ulanga si ngeni. Mwaka 1960 daktari mwanamke, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, na dawa hiyo ilikuwa tegemeo lake kubwa. Wakati ule wagonjwa wengi walikuwa na makovu ya moto, na wengine walilishwa peke yao, kwa kuwa watu waliogopa povu. Jamani, povu haliambukizi! Ni mate tu. Tunalirudia hili kwa sababu bado wapo, tena humu humu darasani, wanaomwacha mtu motoni kwa kuogopa mate.

Sasa maudhi. Ya fenobabitoni ni usingizi na uzito wa mwili, hasa wiki za mwanzo, kisha kwa wengi hupungua. Watoto wengine badala ya kusinzia huwa watundu kupita kiasi, mzazi akadhani mtoto ameharibika tabia. Fenitoini huweza kuvimbisha ufizi, kwa hiyo mswaki usikosekane, na ikizidi kipimo mtu huyumba kama aliyelewa ilhali hajagusa pombe. Kabamazepini huleta kizunguzungu na kuona kitu kimoja kama viwili. Maudhi kama haya hupelekwa zahanati, mganga akapunguza kipimo, akabadili saa ya kumeza au akabadili dawa yenyewe. Yule kijana wetu alihamishiwa kumeza jioni. Basi, kazi ndogo namna hiyo! Asubuhi sasa analima.

Yapo na mambo ambayo si maudhi, ni hatari. Mtu aliyeanza dawa hizi akitokwa na vipele, ngozi ikababuka au mdomo ukawa na vidonda, apelekwe siku hiyo hiyo pamoja na vidonge vyake, asingoje siku ya kliniki.

Akina mama, hapa tunawaomba msikilize vizuri, na akina baba msitoke. Ipo dawa iitwayo valproeti. Inazuia kifafa vizuri, lakini mama akiitumia wakati ana mimba, mtoto 1 katika kila 10 hivi huzaliwa na kilema, na watoto 3 au 4 katika kila 10 huchelewa kukua kiakili. Msichana au mama anayeweza kuzaa amwulize mganga kama ipo nyingine inayomfaa. Aliyekwisha kushika mimba asiache dawa kwa uamuzi wake, aende upesi akaseme. Tena fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa majira na ya vijiti. Mwenye kutumia vyote viwili aseme, asije akashangaa baadaye.

Kuacha ghafla ndiko kubaya kuliko maudhi yote tuliyotaja. Kifafa hurudi kwa nguvu, na mtu anaweza kuanguka mfululizo bila kupata fahamu, akafa. Vidonge vikibaki vya wiki moja, ufuatwe mzigo mwingine, wala visigawiwe kwa ndugu mwingine mwenye kifafa ati kusaidiana. Kipimo cha huyu si cha yule.

Na mtu akianguka, msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mwondoeni penye moto, mlazeni ubavu, mtazame saa. Zikipita dakika 5 anatikisika bado, atafutwe usafiri.

Mama mmoja alituuliza juzi, mwanawe atameza hadi lini? Tumeuliza zahanati. Akikaa angalau miaka 2 bila kuanguka, mganga anaweza kufikiri kumpunguzia kidogo kidogo, kwa miezi. Wengine hawaachi kabisa. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema watu 7 katika 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayofaa na kuimeza ipasavyo.

Zile alama 3 tumezifuta katika daftari, na faini tumemrudishia. Kama yupo mwingine tuliyemwandika mvivu naye yuko kwenye dawa, aje ofisini hata usiku, hatutamtaja jina.