Mate ya Swila na Macho ya Watoto Wetu



Tumezoea kusimama hapa kuomba madawati na saruji. Mwaka huu tunaomba maji ya kuoshea macho, na mtusikilize kabla hamjacheka.

Aliyekulia Iramba, Mkalama, Ikungi au Manyoni anamjua swila. Anafuata panya kwenye magunia ya alizeti, anafuata vifaranga bandani (na sisi kuku hatuachi kufuga). Akishtuliwa hutema sumu kuelekea usoni, hata ukiwa mita 2 mbali naye. Jicho huwaka kama limetiwa pilipili, huvimba na kufumba. Sumu ikiachwa humo huchubua kioo cha jicho, vijidudu huingia kwenye kidonda, na mwishoni hubaki kovu jeupe pale pale pa kuonea.

Dawa ya kwanza ni maji safi mengi, yamiminwe taratibu huku kope zimefunguliwa kwa vidole, dakika 15 hadi 20. Kisha zahanati siku hiyo hiyo, tabibu aangalie kidonda na kutoa dawa ya kuzuia vijidudu. Sindano ya kuzuia sumu ni ya aliyeumwa. Jicho lililotemewa tu haliihitaji. Majani yaliyotafunwa na tumbaku huongeza madhara. Hilo tuwaambie hata bibi zetu, kwa heshima.

Aliyeumwa naye akianza kulegea kope au kuona vitu viwili viwili, sumu inashambulia neva, na pumzi inaweza kufuata. Huyo ni wa hospitali mara moja. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017. Sisi wa vijijini hatukuwa tumesahau.

Sasa, dakika 20 za maji ni ndoo nzima. Sote tunajua ndoo ya maji mwezi wa Oktoba inatoka wapi na kwa mgongo wa nani. Mama akisita kuimwaga yote, si ujinga, ni hesabu. Shuleni mtoto akitemewa, mara nyingi hata ndoo hiyo haipo.

Ndiyo maana tunachangia matangi ya maji kwa shule za msingi na zahanati za kwetu, pamoja na tochi na mabuti kwa wachungaji. Kadi za ahadi ziko kwa mhazini. Ambaye shule ya kijijini kwake haina tangi, aandike jina la kijiji nyuma ya kadi.